Miguu ya Pankras Ilipovimba

Pankras alikuwa mkulima wa kahawa katika kijiji kimoja cha milimani, Mbinga. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kupanda huko na malori yao. Kila asubuhi alikunywa uji, kisha akapanda mlima kwenda shambani na mkewe, Gertruda. Mwaka huo alianza kuchoka njiani. Alisimama mara tatu kabla ya kuifikia mibuni. Jioni viatu vilimbana. Gertruda akiubonyeza mguu wake kwa kidole, shimo lilibaki.

"Ni uzee huu," alisema Pankras.

Gertruda hakuamini. Miezi minne tu ilikuwa imepita tangu mtoto wao Cleopa amwoe Edina, binti wa Lundo, kule ziwani. Edina alikuja na kikapu cha usipa, wale dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, na baba mkwe wake aliwapenda mno. Mbona ugonjwa umeanza baada ya huyu kuja? Gertruda akaanza kumvizia. Edina akipika, yeye alisimama mlangoni. Edina akinyamaza, alimwona anaficha jambo. Akicheka, alidhani anachekwa yeye. Mwishowe alimpokonya chungu, akawa anampikia mumewe yeye mwenyewe. Mgonjwa hakuwa na hamu ya kula, basi alimwongezea chumvi ili chakula kipate ladha.

Pankras alizidi kuvimba. Hakuweza tena kulala chali. Akilala alikohoa na kukosa pumzi, kwa hiyo aliegemea magunia mpaka kukucha. Gertruda hakujiuliza kwa nini hali inazidi ilhali Edina hagusi tena chakula. Baada ya misa aliwaambia majirani kwamba mkwe wake ana mkono mbaya, kwamba anamlisha Pankras sumu. Jirani yao Xaveri alisema hata yeye alimshuku siku nyingi. Maneno yakamfikia Edina. Alifunga nguo zake akarudi kwao Lundo.

Wiki moja baadaye Pankras alishindwa kuongea bila kuhema. Cleopa na wenzake walimbeba kwa machela hadi barabarani, na lori la kahawa likawafikisha hospitali. Gertruda aliwafunga usipa waliobaki kwenye pindo la kanga. Alitaka wapimwe sumu.

Muuguzi aliyewapokea aliitwa Vitalia. Pankras alipopewa dawa na kuanza kupumua vizuri, Gertruda alimwita muuguzi pembeni, akafungua fundo na kueleza shaka yake yote. Vitalia alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua usipa mmoja, akamtafuna.

"Hawa wameanikwa juani tu, mama. Hawana hata chumvi. Mzee aliwahi kupimwa presha?"

Gertruda alikumbuka. Miaka mitatu nyuma, zahanati walisema presha ya Pankras iko juu, wakampa vidonge. Alivimeza mwezi mmoja, akajiona mzima, akaacha.

Vitalia alikunja ngumi. "Moyo ni msuli, ukubwa wake kama ngumi. Ukijikaza, unasukuma damu. Ukilegea, unajaa damu nyingine. Upande wa kulia unaipeleka damu kwenye mapafu ikachukue hewa safi. Upande wa kushoto unaisambaza mwili mzima. Ndani mna vilango vya kuzuia damu isirudi nyuma. Sasa presha ikiwa juu, moyo unasukuma kwa nguvu mno, kama mtu anayepanda mlima na gunia bila kutua. Miaka ikipita, msuli unachoka."

"Kwa hiyo moyo wake umesimama?"

"Haukusimama. Unasukuma, ila kwa udhaifu. Damu inakwama njiani, na maji yanavuja. Yakiingia kwenye mapafu, mtu anakosa pumzi. Yakishuka, miguu inavimba. Na chumvi inayashika maji hayo mwilini. Nani anampikia mzee?"

Gertruda alitazama sakafu. "Mimi. Na chumvi naongeza."

Vitalia hakumlaumu. Alimweleza kwamba ugonjwa ulitokana na presha ya muda mrefu, chumvi iliuzidisha tu. Wapunguze chumvi sana. Pankras ameze vidonge vya presha, na vingine vya kumfanya akojoe maji yaliyozidi. Asiviache hata akijiona mzima. Uvimbe ukirudi au pumzi ikimwishia, waje hospitali bila kuchelewa.

Nyumbani, Pankras alikwenda chooni mara nyingi, akaanza kushuku kwamba vidonge vinamnyonya nguvu. Safari hii Gertruda ndiye aliyemtuliza. Alimweleza kuwa yanayotoka ni yale maji yaliyomvimbisha. Uvimbe ulipoanza kupungua, Gertruda alishuka Lundo pamoja na Cleopa. Mbele ya wazazi wa Edina alipiga magoti, akaomba radhi.

"Nimekusamehe, mama," Edina alisema. "Lakini ulinisema mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Jumapili iliyofuata, watu walipotoka kanisani, Gertruda alisimama na Edina kando yake. Alikiri kwamba alimsingizia mkwe wake, kisha akaeleza jinsi moyo unavyochoka. Wengine walitazamana. Xaveri aliondoka bila kuaga.

Lakini Jumatatu Xaveri alionekana kwenye foleni ya zahanati. Hakuumwa popote, ila alitaka kupimwa. Presha yake ilikutwa juu sana. Alirudi amekunja uso, akapitia kwa Pankras, ambaye sasa aliweza kulala chali na kuchuma kahawa taratibu kwenye mibuni ya karibu. Alimwonyesha vidonge, akamwambia hadhani kama anavihitaji, maana hajisikii vibaya.

"Hata mimi sikujisikia vibaya," Pankras alimjibu. "Meza, ndugu yangu. Usiache kama mimi."