Okidi Iliyopukutisha Majani

"Wee kaka, simama! Utaniulia mama!"

Fundi wa friji alikuwa ametua kompresa yake sokoni, penye wauza miche, akitaka kukalia gogo dogo alilolikuta hapo. Aliruka! Mbele yake alisimama muuguzi aliyetoka zamu, sare nyeupe bado mwilini, uso mzuri umevimba kwa hasira. Juu ya gogo lile palifungwa kwa vipande vya soksi mmea usiozidi kiganja, mizizi nje nje.

"Mama yako ndiye huyu?"

"Ni okidi ya marehemu mama. Ndicho kitu pekee alichoniachia. Nimekuja kumtafutia gogo kubwa."

"Basi shikamoo, mama," fundi akauambia mmea.

Muuguzi alicheka bila kupenda, na yakaanzia hapo. Nusu mwaka baadaye pete ilikuwa kidoleni na posa imepokelewa. Kisha muuguzi akapata nafasi ya kusomea ukunga, mbali, miezi kumi. Okidi akamkabidhi mchumba wake, uani kwa mama yake fundi.

"Usimtie udongoni, mizizi itaoza. Mnyunyizie asubuhi, akae kivulini. Kiangazi hupukutisha majani yote, hubaki vijiti vitupu. Usishtuke, anapumzika. Umenisikia?"

"Nimekusikia, laazizi. Umesema unanipenda."

"Mjinga wewe!"

Siku hiyo alivaa gauni la bluu lililomkaa sawasawa, na bwana yule macho yote yalikuwa kwenye gauni. Masikio nayo yalikwenda huko huko.

Kiangazi kilipoingia, jani la kwanza likaanguka, kisha la pili. Fundi akaongeza maji. Mwezi haukuisha, vikabaki vijiti vinne vikavu. Simu alikuwa nayo mfukoni, angeuliza tu! Lakini jamaa aliona haya. Akalitupa gogo kwenye gari la taka, akanunua okidi nyingine ya kimo kile kile, akaifunga kwa soksi zake mwenyewe.

Jioni simu ikalia.

"Mama anaendeleaje?"

"Mzima kabisa, mpenzi. Anakusalimia."

Hivyo hivyo, kila jioni, miezi saba.

Muuguzi aliporudi alifikia uani moja kwa moja, mkoba bado begani, marashi yake yakitangulia. Mama yake fundi alikuwa jikoni akimpikia mkwe. Okidi ilikuwa imechanua, zambarau tupu.

"Huyu si mama."

"Ndiye, kipenzi, ila amenawiri..."

"Ya mama huchanua nyeupe. Iko wapi?"

"Ilikufa. Majani yaliisha yote, ikabaki vijiti."

"Vijiti ulivikwaruza uone kama ndani ni vibichi?"

"Sikukwaruza."

"Ilikuwa hai. Umetupa kitu kizima." Alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akalia kwa uchungu kama siku ya msiba wa mama yake.

"Nisamehe, mpenzi wangu. Niliogopa kukuumiza."

"Kuitupa nimekusamehe, hukunisikia nilipokueleza. Lakini miezi saba nakuuliza, unanijibu ni mzima, na salamu zake unanipa! Kesho tumeoana, niko zamu, mwanetu anaumwa nyumbani, nakupigia simu. Utanijibu nini?"

Fundi alichuchumaa mbele yake, akataka kumshika mkono.

"Kila siku mimi huwapa watu habari mbaya, nikiwatazama machoni," muuguzi alisema, akiivua pete. Iligoma kwenye kifundo, akaivuta kwa nguvu. "Nakupenda, sikufichi. Lakini siwezi kuolewa na mtu ambaye kila akisema jambo itabidi nikahakikishe."

"Usiende. Nipe hata wiki moja."

"Ya kufanya nini?"

Alimtilia pete kiganjani, akafuta uso kwa ukosi wa gauni, akatoka kwa mlango wa uani. Fundi alisikia hatua zake zikienda mbio, kisha hazikusikika tena.

"Mwanangu!" mama yake aliita kutoka jikoni. "Mbona kimya huko? Mkwe wangu yuko wapi? Chakula kinapoa!"

Fundi aliifumbata pete.

"Ametoka kidogo, mama. Anarudi sasa hivi."