Isale Kati ya Picha za Profesa

Jani lilikuwa bichi, na hilo ndilo lililomshtua Pudensiana. Sasa niambie wewe, jani bichi linaingiaje kwenye sanduku lililopigiliwa misumari? Profesa mmoja Mzungu, mzee wa Momela, alikiachia chuo cha pale Usa River vitabu vyake vyote vya historia ya sanaa ya Ulaya pamoja na picha, na Pudensiana, mkutubi, ndiye aliyekuwa akivipanga. Tena halikuwa jani la hivi hivi. Lilikuwa isale, limefungwa fundo. Kwao Marangu, mtu akikuletea isale anaomba radhi, na hukatai hata kama amekuchomea nyumba.

Lilikaa juu ya picha ya mwanamke wa Kizungu mwenye gauni jeusi, amekunja mikono kama aliyebeba mtoto, na mikononi hamna kitu. Pudensiana, na mimba yake ya miezi saba, akalitupa dirishani. Alipogeuka, lilikuwa limerudi pale pale.

Akakimbilia mlangoni. Kitasa kilizunguka, mlango haukufunguka. Akagonga, akamwita mlinzi, mvua juu ya bati ikameza sauti yake. Ndipo chumba kikaanza kunuka maziwa, maziwa ya mama aliyetoka kujifungua, na nyuma ya marundo ya vitabu mtu akaanza kubembeleza mtoto, taratibu, akisogea, akinyamaza, akisogea tena, mpaka Pudensiana akahisi pumzi ya baridi shingoni na sauti ikimwambia kwa Kichaga cha nyumbani kabisa, kwa unyonge wa mtu mwenye kosa, "Pokea, dada. Nisamehe."

Tumboni mtoto alikuwa akirusha mateke. Alitaka kutoka tu, basi. Akanyoosha mkono, akalipokea.

"Nimekusamehe," akanong'ona.

Mlango ukafunguka wenyewe.

Barazani akampigia mama yake, Hedwiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unanong'ona?"

Akamweleza yote.

"Umelipokea kwa mkono wako?"

"Nilikuwa nimefungiwa, mama. Tutafute mtu wa kumfukuza."

"Nani atamfukuza, na wewe umeshamsamehe? Isale ni isale, mwanangu." Mama alikuwa analia. "Hukumuuliza amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

Aliposema hivyo akajishika tumbo. Akalibonyeza upande huu, akalibonyeza upande ule, akamwita mtoto kwa jina walilomchagulia. Hakukuwa na teke hata moja.