Kontena la Tatu

"Pakiti imetembea."

Sauti ya Mkuu Pao sikioni ilikuwa kavu. Sung Hui-chu aliwasha skuta yake ya Kymco, akachomoka kwenye maegesho. Bastola ya Walther ilimgusa ubavuni.

"Inaelekea wapi?"

"Stesheni. Ukimkosa aliyeibeba, mama wa Keelung hafiki kesho."

Upepo wa mji wa Hsinchu ulimpiga kifuani. Hakupunguza mwendo.

Mwezi ule walikuwa wamekufa watatu, wote watoa habari wa Idara ya Ujasusi ndani ya genge lililovusha vipuri vya makombora. Wa tatu alikuwa fundi wa meli. Hui-chu ndiye aliyeitwa kumtambua, akamtambua kwa pete, maana uso haukuwepo. Wa nne kwenye orodha alikuwa mpishi wa mji wa Keelung, mama wa watoto wawili.

Majina yalivuja kutoka kwenye seva ya Idara. Kila walipouliza nani kayachukua, daftari la mfumo, linaloandika kila tendo, lilijibu neno moja: mkuu, yaani yeyote mwenye mamlaka yote mashineni.

Kila mhandisi alikuwa na kontena lake humo, chumba cha programu kilichojitenga, na ndani yake aliweza kufungua jingine, na la tatu ndani ya hilo. Huko chini kila mtu ni mkuu. Anaiba, anafuta daftari, anatoka akipiga mluzi.

Hui-chu aliandika daftari jipya, akalizika kwenye kiini cha mfumo. Kontena lolote lilipozaliwa lilipigwa muhuri wa mzazi wake, na wa babu yake, mpaka kwa mtu aliyeingia kwa nywila. Aliye ndani hakuuona muhuri huo. Hata kufuta kwake kuliandikwa. Jina moja likajirudia.

Lakini nywila huibwa. Alitaka na mkono wa mwizi.

Juu ya seva, kama kwenye kila seva ya mji ule, palikaa pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi, kama hirizi, ili mashine isilete ukorofi. Jana yake Hui-chu aliweka pakiti iliyokwisha muda, na ndani yake kifaa cha kufuatilia, kidogo kama punje ya mchele. Mhandisi anayetaka kufanya jambo la hatari hathubutu kulifanya mbele ya pakiti mbovu. Angeweka mpya, akaondoka na ile ili asiache alama.

Leo saa sita na nusu taa zilizimwa. Ofisi nzima ikalaza vichwa mezani kwa usingizi wa mchana.

Mmoja hakulala.

Alimkuta stesheni, kwenye jukwaa la pili, mkoba mapajani. Liao Ting-wei, mtu aliyemfundisha kazi, aliyemletea chai kila Ijumaa. Ilimuuma. Kisha ikakoma kumuuma.

"Kaka Liao. Safari?"

"Ah, dogo. Nakwenda kwa daktari wa meno."

"Na pakiti iliyokwisha muda unampelekea daktari?"

Liao aliushika mkoba. "Huna kitu. Daftari linasema mkuu."

"Hilo ulilolifuta saa sita na dakika arobaini na moja. La kwangu linasema kontena la tatu, ndani ya la pili, ndani ya la Liao Ting-wei."

Treni moja ilipita. Liao akacheka kidogo, akanyoosha mikono.

"Haya, nifunge. Faili nimeshalituma. Umechelewa, dogo."

"Daftari limenionyesha tabia yako, Kaka. Mara tatu umelichukua faili, hata mara moja hukulifungua. Hupendi kuyaona majina."

"Basi?"

"Basi jana nikalibadilisha jina la nne."

"Ukaweka la nani?"

"La kwako."

Mikono ya Liao ilibaki hewani. Hui-chu alimtazama akibadilika rangi, na alifurahi, wala hakujionea haya.

"Hui-chu, nina mke."

"Hata fundi wa meli alikuwa naye. Mkewe alinishika mkono akaniomba nimwonyeshe uso."

"Nifunge pingu. Nitasema yote. Tafadhali, dada."

Sasa alikuwa dada.

"Pingu nimezisahau ofisini."

Wanaume wawili wa genge waliokuja kumpokea Liao walikuwa wakipanda ngazi. Mmoja alitazama simu yake, akamtazama Liao, akaitazama simu tena.

Hui-chu alishuka kwa ngazi zile zile, akawapisha.

"Umemkamata?" Pao aliuliza.

"Hapana, Mkuu. Ana wageni."

"Na mama wa Keelung?"

"Anapika."

Nyuma yake mtu alipiga ukelele mmoja, ukakatika. Hui-chu alivaa kofia yake, akafunga kamba kidevuni, akawasha skuta.