Kitabu Kilichoingia Sauna

Kila Alhamisi shule ya kijiji chetu cha Kurkivaara, huku kaskazini kwenye theluji, hula supu ya njegere, na baada ya supu huja chapati za maji zenye jamu. Pihla wa darasa la sita alikuwa hodari wa kuimaliza chapati yake kabla wenzake hawajaketi vizuri. Akishafuta mdomo kwa kiganja, anavaa koti, kofia na glavu, huyoo, mbio hadi nje. Si kwamba alipenda sana baridi. Alikuwa anawahi kilima.

Kilima chenyewe ni theluji tu, ile ambayo greda huisukuma pembeni mwa uwanja majira yote ya baridi. Lakini tangu runinga ilipoanza kuonyesha tamthilia ya *Ufalme wa Chini ya Ziwa*, kilima kile kilikuwa kasri, na Pihla ndiye mwenye kasri. Hakuwahi kukosa hata sehemu moja. Kila mapumziko yeye ndiye aliyegawa kazi: wewe binti mfalme Sirva, wewe mlinzi, wewe Morgo, mpishi msaliti. Wenzake walimkubalia. Nani atabishana na mtu anayejua mpaka rangi ya vifungo vya Morgo?

Tamthilia ilikuwa imekatika mahali pabaya. Daraja limevunjika, kaka yake Sirva ametumbukia majini, na sehemu zinazofuata haziji mpaka vuli. Watoto walikuwa wamebaki midomo wazi.

"Leo tunacheza daraja," Pihla alitangaza kutoka juu. "Urho, wewe ndiye kaka. Unaanguka, unakufa."

"Kila siku mimi ndiye wa kufa!" Urho alinung'unika.

"Lakini hafi," ilisema sauti moja huku chini.

Alikuwa Saimi, jirani yake Pihla, rafiki yake tangu wakiwa wachanga. Saimi si msemaji. Siku nyingi alishika nafasi ya mlinzi asiye na jina na kusimama pale alipoambiwa asimame.

"Umesemaje wewe?" Pihla aliuliza.

"Hafi. Anaokolewa na watu wa matope. Tena hilo daraja kwenye kitabu halipo. Wanavuka juu ya barafu, ndiyo inayopasuka."

"Watu wa matope?" Urho alimsogelea. "Ndio akina nani hao?"

"Kwenye runinga hawamo. Kwenye vitabu wamo. Vitabu viko vitano, mimi nimemaliza viwili."

Basi ikawa hivyo. Watoto wakateremka kilimani mmoja mmoja, wakamzunguka Saimi. Tuambie hiki, tuambie kile, na Morgo je, na yule farasi je? Juu ya kasri akabaki Pihla peke yake na kofia yake ya sufi.

"Vitabu!" alipaza sauti. "Mtu umeshaona kila kitu kwa macho yako, usome makaratasi ya nini? Ni sawa na kula chapati ukashiba, halafu ukakaa kusoma ilivyopikwa!"

Mmoja au wawili walicheka. Urho hakugeuka hata kumtazama. "Acha gere, Pihla. Saimi, endelea bwana."

Siku zilizofuata mambo hayakubadilika. Kilima kilibaki pale pale, lakini mashauri yote yalikwenda kwa Saimi. Na ubaya ni kwamba Saimi hakuringa hata kidogo. Angeringa, Pihla angepata cha kumsema. Jioni Pihla alikaa mezani akichokoa mkate wake, mpaka baba yake, Jouni, akamuuliza kama mkate umemkosea.

"Saimi anajifanya anajua kila kitu."

"Anajua nini?"

"Anasoma vile vitabu vya tamthilia."

"Nawe si usome?"

"Sisomi! Mimi nimeshaona!"

"Sawa, umeshaona," alisema baba. "Sasa kinachokuuma nini?"

Pihla akasema hakuna kinachomuuma, akaenda zake chumbani na kuubamiza mlango.

Kurkivaara hatuna maktaba. Tuna basi la maktaba, ambalo hufika kila baada ya wiki mbili na kusimama mbele ya duka lililofungwa. Dereva na mkutubi ni mtu yule yule, Bi Tuula, mwanamke wa sauti nene anayejua kila nyumba inasoma nini. Na kijijini tuna desturi moja: asiyeweza kufika kwenye basi, jirani humchukulia. Mzee Eino ana miguu mibovu, na hajakosa kitabu hata mara moja. Bi Tuula huandikisha kitabu kwa jina la mwenyewe, jirani huchukua, na haulizwi maswali.

Alhamisi ile Pihla aliingia kwenye basi kurudisha jarida la mama yake.

"Mwenzako yuko wapi?" Bi Tuula aliuliza.

"Saimi? Anaumwa. Ana homa."

"Maskini wee! Na nimemletea cha tatu, amekililia tangu safari iliyopita. Hebu mchukulie basi, si mnatenganishwa na ua tu?"

Pihla hakuwa amepanga lolote. Lakini kitabu kilipotua mkononi mwake, kinene, na ziwa jeusi juu ya jalada, aliwakumbuka wenzake walivyomzunguka Saimi. Akakitia mkobani. Alipofika kwenye nyumba ya akina Saimi, taa ya chumba cha mgonjwa ilikuwa inawaka. Miguu yake haikukata kona. Ilipita moja kwa moja.

Bado hajavua viatu, simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Saimi: "Kitabu kimekuja?"

Pihla akajibu neno moja: "Hakikuja."

Alijiambia atakisoma yeye kwanza, ili Jumatatu apande kilimani na habari mpya. Lakini hakuwa na subira ya kuanzia mwanzo. Akafungua sura ya mwisho, achukue siri aende zake. Lo! Hakuelewa hata mstari. Watu aliokuwa hajawahi kuwasikia walikuwa wanamlilia mtu ambaye yeye alimjua kuwa adui. Akakifunga kwa hasira, kama vile kimemtukana.

Angeweza kukipeleka kwa Saimi jioni ile ile na kusema, samahani, nilikosea. Hakukipeleka. Wivu ukishakomaa unakuwa hivyo: hutaki tena wewe upate, unataka mwenzako akose. Waswahili huiita roho ya kwa nini, na mimi sijaona lugha iliyoipa jina zuri zaidi.

Ikabaki pa kukificha. Chumbani hapafai, mdogo wake hupekua kila kitu. Lakini nyumba ya sauna, kijumba cha kuogea mvuke wa mawe ya moto, iko chini karibu na ziwa, na baba yake ni mtu wa ratiba, sauna yake ni Jumamosi. Jumapili hadi Ijumaa hakuna anayeingia mle. Pihla akakisukuma kitabu kwenye pembe ya giza chini ya benchi la juu. Jumamosi asubuhi alikitoa, Jumapili akakirudisha, akajisifu moyoni kwamba ana akili. Saimi alipona, akarudi shuleni, akawaambia wenzake wasubiri kwa sababu kitabu hakikuja. Pihla aliyasikia hayo akiwa amesimama pembeni yake. Hakufurahi kama alivyotarajia.

Kilichomponza ni shangazi. Jumanne, siku mbili kabla ya basi kurudi, shangazi aliwasili kutoka mji wa Oulu bila kutoa taarifa, na kwetu mgeni akifika na baridi mwilini, sauna inawashwa, Jumamosi au si Jumamosi. Pihla alikuwa anarudi kwa skii zake, zile mbao za kutelezea kwenye theluji, kuvuka ziwa lililoganda alipoona moshi unapanda kutoka bomba la sauna. Moshi huo humfurahisha kila mtu, lakini yeye ulimkata maini. Akasukuma fimbo zake kwa nguvu zote, akaanguka, akainuka, akazivua skii na kuzitupa hapo hapo, akakimbia kwa miguu.

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni na taulo kiunoni, mwekundu, anafuka mvuke. Mkononi ameshika kitabu kwa pembe ya jalada.

"Pihla," alisema. "Nimepanda benchi, nimemwagia mawe maji, mara nasikia harufu ya gundi. Nikadhani ninayeyuka mimi."

Ndani shangazi aliangua kicheko. Pihla hakucheka. Kitabu kilikuwa kimevimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi, na baba alipokisogeza tu, karatasi zikaanza kuchomoka na kutua juu ya theluji.

"Ni cha nani hiki?"

"Cha maktaba."

"Umekiazima?"

"Ndiyo. Yaani, hapana." Machozi yakamtoka kabla ya maneno. Akaeleza yote, kuanzia kilimani mpaka lile neno moja kwenye simu.

Baba yake alimsikiliza mpaka mwisho. "Okota hizo karatasi," alisema. "Zote. Mimi navaa nguo, twende kwa akina Saimi."

"Baba, nenda wewe ukamwambie. Tafadhali, baba."

"Mdomo uliosema 'hakikuja' ni wangu?"

Pihla akainama, akaokota, akazitia zote pamoja na jalada kwenye bahasha kubwa.

Saimi mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Akaitazama bahasha ya karatasi zilizokunjamana, akamtazama rafiki yake. Pihla aliongea huku macho yako kwenye viatu.

"Nilikuwa kitandani nakisubiri," Saimi alisema. "Nilikuuliza. Ukaniambia hakikuja."

"Nilikuwa na wivu. Wote walikuja kwako."

"Wivu na mimi?" Sauti ya Saimi ilipanda, jambo ambalo Pihla hakuwahi kulisikia. "Wewe una runinga yenye ile chaneli! Sisi hatunayo! Kila Jumatatu nyinyi mnaongea, mnacheka, mimi nimesimama kama gogo. Nilivisoma hivyo vitabu ili nami nipate la kusema. Ulifikiri kwa nini kila siku ninakuwa mlinzi? Sikuwa najua chochote!"

Pihla aliinua macho kutoka kwenye viatu. Miezi yote ile alikuwa juu ya kilima, na hakuwahi kujiuliza huyu wa chini anaona nini.

"Nisamehe," alisema.

"Sijui," Saimi alijibu, akaufunga mlango taratibu.

 Walipofika uani baba alimshika bega. "Amesema hajui. Hajasema hapana. Usimsukume."

Alhamisi basi lilipokuja, Pihla alikuwa wa kwanza kwenye foleni, na nyuma yake walikuwa Urho, watu wengine wa kijiji, na Saimi mwisho kabisa. Pihla aliiweka bahasha mezani na kusema kwa sauti ya kusikika:

"Saimi hana kosa. Mimi sikumpelekea. Nilikificha kwenye sauna kwa wivu, mimi niliyesema sisomi kwa kuwa nimeshaona."

 Bi Tuula alizitoa karatasi, akazipitia moja moja, akazinusa, akatikisa kichwa. "Nimebeba vitabu miaka na miaka. Kimoja kililiwa na mbwa, kingine kilitumbukia kwenye shimo la kuvulia samaki. Cha kuoga sauna, hiki ndicho cha kwanza."

Urho alicheka, akaacha alipoona Saimi hacheki.

"Kitabu kingine kitanunuliwa, na ni nyinyi mtakaonunua," Bi Tuula aliendelea.

"Baba amesema nitapasua kuni na kusafisha theluji za majirani mpaka kipatikane."

"Vizuri. Lakini si kitabu kinachoniudhi." Akaegemea meza. "Mimi humpa jirani kitabu cha jirani bila kumuuliza. Leo nikianza kuuliza, mzee Eino atasoma nini? Ulichoharibu ni hicho, mwanangu. Na sababu yenyewe ni nini? Ulikataa kusoma kwa sababu umeshaona, na mwenzako ukamzuia asisome kwa sababu hujasoma. Basi hili lina milango miwili, mbele na nyuma. Wako wanaotangulia kuangalia wakaja kusoma, wako wanaotangulia kusoma wakaenda kuangalia. Wote ni wageni wangu. Ila anayesimama mlangoni ili mwenzake asipite, huyo na yeye anabaki nje. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Bi Tuula."

"Haya. Hiki hakirudi rafuni, kurasa zimeachana. Lakini nimezipitia, zote zipo. Saimi! Ni chako ukikitaka."

Saimi alisogea mbele, watu wakampisha. Akaikumbatia bahasha. Akaenda kukaa kwenye kile kibenchi cha watoto nyuma ya basi, akazipanga karatasi magotini, akaanza kusoma. Pihla akabaki amesimama katikati ya basi na mikono mitupu, hajui ashuke au akae.

"Pihla," Saimi aliita bila kuinua macho. "Yule Morgo kwenye runinga ana sura gani?"

"Mwembamba. Ana jicho moja linalolegea."

"Hm. Mimi nilimwona mnene." Akamaliza ukurasa, akaugeuza, akamaliza na wa nyuma. Kisha akaichomoa ile karatasi kwenye rundo na kumnyoshea. "Utasoma baada yangu. Kila karatasi, baada yangu."

Pihla alikaa kando yake, akaipokea kwa mikono miwili. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, pande zote mbili, akauliza watu wa matope wanaishi wapi, akajibiwa. Kisha akanyosha mkono kupokea inayofuata, akangoja. Saimi husoma upesi sana, kila mtu anajua. Siku hiyo alisoma polepole, naye Pihla akamngoja bila kumharakisha.