Kura ya Mashine Nne

Haya yalimkuta rafiki yangu, fundi wa kompyuta, na alinisimulia kwa sauti kavu kama anayesoma risiti. Kazini kwao, taarifa za wagonjwa hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine tano. Mashine hizo huchagua kiongozi zenyewe, na kiongozi ndiye huamua kipi kifutwe. Siku ile aliboresha upigaji kura wa mashine hizo, akaing'oa moja iliyokuwa kuukuu, akaibeba hadi stoo. Aliporudi mezani, zile nne zilikuwa zimeichagua hiyo hiyo ya stoo kuwa kiongozi, na zilikuwa zikifuata amri zake.

“Hukuizima vizuri, kaka,” mwenzake alisema bila kuinua macho. “Kaitazame.”

Stoo ilikuwa giza. Alisikia feni ikizunguka taratibu. Akaigusa mashine, ilikuwa ya moto. Akapapasa mfuko wa koti lake. Waya wa umeme wa mashine ile ulikuwamo, kama alivyouviringisha.