Usimwambie Shangazi "Kaza"

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, watu wawili walikuwa na kazi ya kumwinua Shangazi kitini. Mume alishika mkono wa kulia. Mke alishika wa kushoto. Walihesabu moja, mbili, tatu, wakavuta. Shangazi alisimama huku akilalamika kwamba wanambeba kama gunia.

Shangazi alikuwa na miaka sabini na mmoja. Ndiye aliyemlea huyo mume tangu alipofiwa na mama yake. Miguu yake haikuvunjika wala haikupooza. Ilizoea kukaa tu. Mwaka wa kwanza aliinuka kwa kushika meza. Mwaka wa pili alishika ukuta. Mwaka wa tatu akaanza kuita watu.

Mume alifanya kazi masjala, chumba cha kutunzia mafaili, katika ofisi kubwa. Wenzake walimwita Faili, na jina likamganda. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye bima na pensheni, na alikuwa ameifanya kwa miaka kumi na minne. Shangazi aliionea fahari kazi hiyo kuliko mwenyewe. Mgeni yeyote akiingia, hata aliyepotea njia, aliambiwa kwamba kijana wa nyumba hii yuko ofisini.

Kisha mgongo wa Faili ukaanza kuuma. Daktari alimwambia mgongo wake umechoka kukaa. Faili akajiunga na jimu, na baada ya miezi sita maumivu yakaisha. Wenzake ofisini wakaomba awaonyeshe. Basi saa ya chakula cha mchana walisogeza meza za masjala, wakanyoosha viungo pamoja.

Siku moja katibu muhtasi, mama ambaye kwa mwaka mzima hakuweza kuinua mkono achane nywele, aliuinua mkono ule hadi juu ya kichwa. Akauacha hapo hapo. Aliutazama kama si wake. Faili naye aliutazama, mwili ukamsisimka. Hakuna faili lililowahi kumfanya ajisikie hivyo.

Tangu hapo moyo wake ulihama, ukauacha mwili ofisini. Alisoma kozi ya walimu wa mazoezi kila Jumamosi kwa mwaka mzima, akapata cheti. Ndipo alipomwambia mkewe kwamba anataka kuacha kazi. Alitaka kuwa mwalimu wa mazoezi wa mtu mmoja mmoja, anayewafuata watu majumbani kwao.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi, kisha akasema.

"Mimi nguo ya mtu siikati kabla sijapima. Wewe unataka kuikata kazi ya miaka kumi na minne kwa kukisia?"

"Kwa hiyo umekataa?"

"Sijakataa. Omba likizo bila malipo, miezi mitatu. Mwanafunzi wako wa kwanza yuko hapo sebuleni. Akisimama mwenyewe, bila kushikwa, andika barua ya kuacha kazi na mimi nitakuunga mkono. Asiposimama, rudi kwenye mafaili yako, na habari hizi ziishe."

Shangazi aliposikia alisusa chai. Alisema mtu mzima anayeacha kiti chenye pensheni ili akawarukishe watu, huyo ni wa kuombewa. Hata hivyo alikubali kufundishwa. Alitaka Faili ashindwe mbele ya mashahidi.

Basi likizo ikaanza. Siku ya kwanza Faili alivaa fulana mpya na viatu vya mazoezi, akasimama mbele ya Shangazi. Kule jimu alikuwa amezoea neno moja. Mtu akichoka, anaambiwa kaza. Akitetemeka, anaambiwa kaza. Naye akalileta neno hilo nyumbani.

"Inuka, Shangazi. Kaza! Kaza!"

Shangazi alikaza. Alikaza meno, akakaza ngumi, akakaza tumbo, na pumzi nayo akaikaza. Akafika nusu ya kusimama. Uso ukabadilika, akaanguka tena kitini, macho yamelegea.

"Naona giza," alisema.

Mke wa Faili alitoka mbio kumwita jirani wa ghorofa ya chini. Jirani huyo aliitwa Dada Viungo na mtaa mzima, kwa sababu kazi yake hospitalini ilikuwa kuwafundisha wagonjwa kutembea upya. Alipanda na kipimo cha presha. Alipima, akangoja, akapima tena. Alipoona rangi ya Shangazi imerudi, alimgeukia Faili.

"Anameza dawa gani?"

Faili akamtazama mkewe. Mkewe akajibu kwamba ni za presha.

"Mwalimu, hukujua?"

"Naona anameza vidonge. Sikuuliza ni vya nini. Tunaishi nyumba moja."

"Na kozi yako haikukufundisha kuuliza?"

"Ilinifundisha. Hata fomu ninayo," alisema Faili kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni ya wageni."

Yaani mtu aliyetunza mafaili ya maelfu ya watu hakumfungulia Shangazi wake hata faili moja. Dada Viungo hakumcheka. Alivuta kiti, akaketi.

"Sasa sikiliza. Hilo neno kaza liache. Mtu ukimwambia kaza, anakaza kila kitu, mpaka pumzi. Akijitutumua huku amezuia pumzi, presha inapanda ghafla, kisha inashuka. Kichwa kinazunguka, anaanguka. Kwa mtu mwenye presha hiyo ni hatari. Wakati wa kazi ngumu, pumzi itoke. Leo apumzike. Kesho mpelekeni kliniki, daktari amwone kabla hamjaendelea."

Kesho yake daktari alimpima Shangazi. Alisema anaweza kufanya mazoezi polepole, mradi asikose dawa. Akihisi kizunguzungu au maumivu ya kifua, aache papo hapo na arudi kliniki.

Faili alirudi nyumbani, akaitoa ile fomu, akakaa karibu na Shangazi. Aliuliza maswali yote, moja baada ya jingine, kama hamjui. La mwisho lilikuwa hili: unataka mwili wako ukusaidie kufanya nini?

Shangazi aliutazama mlango wa bafu.

"Kuoga peke yangu," alisema. "Mkeo ni mtoto mwema, sina neno naye. Lakini mwaka mzima sasa sijafunga mlango wa bafu kwa mkono wangu."

Faili aliinama akaandika. Aliandika polepole sana, kwa sababu hakutaka Shangazi aone macho yake. Kumbe kila asubuhi alimvuta mkono bila kujua anamvutia wapi.

Jioni ile Dada Viungo aliwaonyesha njia. Waliweka mito miwili kwenye kiti ili kiwe juu zaidi. Nyayo zikae nyuma ya magoti kidogo. Mwili uinamie mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Ndipo ainuke, pumzi ikitoka. Kisha aketi taratibu, asijitupe.

"Na nitajuaje kama hajazuia pumzi?" Faili aliuliza.

"Mtu hawezi kuzuia pumzi huku anaongea. Mwambie aseme neno anapoinuka."

"Neno gani?"

"Lolote analopenda."

Shangazi hakulitafuta mbali. Aliinamia mbele, akashika mikono ya kiti, akainuka.

"Unaacha pensheni!"

Akaketi taratibu. Akainuka tena.

"Unaacha bima!"

Mara tano siku hiyo. Wiki ile makosa ya ofisini yalikwisha, akahamia ya utotoni. Faili alivunja jagi. Faili alimdanganya mwalimu wa hesabu. Faili alikula sukari akamsingizia paka. Kila kosa lilimwinua Shangazi mara moja, na makosa yalikuwa mengi. Mkewe alicheka kwenye cherehani mpaka akashona mkono wa blauzi upande usio wake.

Wiki ya tano waliondoa mto mmoja. Asubuhi moja mkewe alitoka bafuni, maji bado mikononi, akamshika Faili bega.

"Mapaja ya Shangazi yanarudi. Yalikuwa yamelegea, sasa yana nguvu. Nimeyagusa mwenyewe."

Faili alimuuliza Dada Viungo kama jambo hilo linawezekana katika umri ule.

"Msuli hausomi cheti cha kuzaliwa," alijibu. "Ukiutumia, unaitika."

Faili alikaa na maneno hayo siku nzima. Miguu ile ilikuwa imenyamaza miaka mitatu, kila mtu ameikatia tamaa, na wakati wote huo ilikuwa inangoja kuitwa. Aliogopa kidogo, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa kuliko yeye.

Wiki ya nane Shangazi alipata mafua makali, mazoezi yakasimama siku tisa. Aliporudi kitini alihitaji tena mito miwili. Ofisini walipiga simu kuuliza kama Faili anarudi. Hakujibu sawasawa. Mkewe alimpigia pasi shati la ofisini, akalitundika.

Faili hakuharakisha. Hakusema kaza. Alirudi mwanzo na Shangazi, mara tano, mara sita, mara nane. Mto mmoja ukaondoka. Mto wa pili ukaondoka. Wakati huo waliita fundi wa nyumba, akafunga chuma cha kushikia bafuni na kutandika mpira usioteleza. Aliweka pia komeo linaloweza kufunguliwa kwa nje, ikitokea shida.

Zilibaki siku nne likizo iishe. Asubuhi mume na mke waliingia sebuleni kama kawaida, mmoja kulia, mmoja kushoto. Shangazi alikuwa ameikunja mikono kifuani. Akawatikisia kichwa wasimguse.

Aliinamia mbele. Pua ikapita vidole. Hakutaja kosa lolote. Ilisikika pumzi tu, ndefu, ikitoka. Na Shangazi akasimama.

Hakuna aliyehesabu. Alisimama wima katikati ya sebule, hakuna kilichomshika, akaitazama miguu yake.

"Kumbe mlikuwepo," aliiambia.

Alichukua taulo begani kwa mkewe Faili, akatembea hadi bafuni, hatua fupi fupi. Mlango ukafungwa. Komeo likalia. Wale wawili walibaki ukumbini wameshikana mikono, wanasikiliza maji yakimwagika. Mkewe alilia. Faili naye alilia, wala hakujificha.

Sauti ikatoka ndani, juu ya maji.

"Nyinyi mnangoja nini hapo mlangoni? Mwalimu, kaandike barua yako. Na uandike upesi, maana shoga yangu wa nyumba ya pili naye hainuki. Nimemwambia Jumatatu utakuja."