Mkono wa Bi Tatu

Kimulimuli kiliwaka kijani juu ya bakuli la kachumbari, na Zamda akadhani amekosea. Akachukua tone jingine. Kikawaka tena.

Kimulimuli hicho kilikuwa chombo cha kupimia, kidogo kama kikombe cha kahawa. Ndani yake viliishi vilabakteria, yaani virusi ambavyo chakula chao ni bakteria tu. Hivi vya Zamda vilichaguliwa kwa ajili ya bakteria wa homa ya matumbo, na aina nyingine havikuigusa. Mafundi walikuwa wamevipandikizia nuru ya kimulimuli wa porini. Kirusi kikimwingia bakteria aliye hai, bakteria huyo huwaka kabla hajafa. Zamani majibu yalingojwa siku nzima; siku hizi yalitoka kabla chai haijapoa.

Katika jiko la mtaa alimokuwa akipima, hapo Tanga, masufuria ya pilau yalikorogwa na mikono ya chuma. Kachumbari peke yake ilibaki kwa Bi Tatu. Watu walikuwa wameikataa ya mashine. Walisema haina mkono.

Wageni wa harusi iliyopita, iliyopikiwa hapo, waliugua, na mmoja alikuwa bado amelazwa. Ndiyo maana ofisi ya afya ilimtuma Zamda. Alikuwa amepima maji, vitunguu, nyanya, hata chumvi, na chombo kikabaki giza. Kiliwaka baada ya Bi Tatu kuchanganya.

Zamda akakaa kumtazama. Bi Tatu aliviponda vitunguu vya kuongezea na chumvi kwa vidole, akadondosha maji yake kiganjani, akalamba, akaurudisha mkono bakulini.

“Bi Tatu, naomba kiganja chako.”

“Unataka kunisomea? Niambie basi kama nitaolewa tena.”

Zamda akakipangusa kwa pamba, akaitia pamba ndani ya chombo. Wote wawili wakaiona nuru.

Zamda akaeleza taratibu. Mtu huweza kuwabeba bakteria hao kwenye nyongo miaka mingi bila kuumwa, na kunawa kwa haraka hakutoshi. Dawa ipo: angekunywa vilabakteria mpaka asafike. Hadi hapo asiguse chakula cha watu, na bakuli lile limwagwe.

Bi Tatu hakubisha. Aliuliza tu kama miaka mingi ni mingi kweli. Zamda akamwambia hata thelathini.

Mikono ya chuma iliendelea kukoroga. Bi Tatu aliukunja mkono wake wa kulia ndani ya khanga.

“Mwanangu Mwanaidi alikufa kwa homa hii zamani,” akasema. “Alipona kwanza, kisha akaugua tena, na hakutaka kijiko. Nikawa namlisha kwa mkono.” Akakitazama chombo. “Hicho kidude chako kinajua hawa waliingia kwangu lini, kabla ya homa yake au baada?”

Zamda akakiweka chombo mezani.

“Kinaona walio hai leo tu, Bi Tatu. Waliokwisha kufa hakiwaoni.”

Bi Tatu akaitikia kwa kichwa. Kisha akasema watu wa harusi ya leo hawatalishwa kachumbari ya mashine, kwa hiyo Zamda anawe.

Zamda akanawa kwa sabuni, akapima kiganja chake mwenyewe. Giza. Akaanza kuponda vitunguu vipya, huku Bi Tatu akielekeza kwa mdomo: usivivunje, vibembeleze, vitoe ukali vyenyewe. Alimcheka kidogo, akasema anaviogopa vitunguu kama mkwe. Zamda akaongeza chumvi, akaonja kiganjani.

“Imekosa kitu,” akasema.

“Najua. Nimeona unavyoponda.”

Bi Tatu akanyoosha mkono kuelekea bakulini. Ulifika katikati, ukasimama hapo, kisha akaurudisha ndani ya khanga.

“Ponda tena, mwanangu,” akasema. “Polepole.”